Maji Chota Wewe

Asubuhi ile Muzdalifa alifungua mlango wa mbele akiwa na ufagio mkononi, akakikuta chungu kizingitini. Kilikuwa kipya, hakijawahi kuona moto, kimefungwa mdomo kwa kitambaa chekundu na kamba ya usumba wa nazi. Aliyekiweka hakukitupa ovyo. Alikikalisha vizuri katikati ya njia, pahala ambapo mtu akitoka ndani hana budi akiruke au akikanyage.

Nyumba za Jang'ombe zimebanana mno, hata mtu akikohoa ndani, jirani humpa pole. Kabla Muzdalifa hajainama, Bi Borafya wa nyumba ya pili, aliyekuwa akimwaga maji ya kudekia, alikwisha kukiona.

"Usikiguse!" alipiga ukelele. "Muzda, nakuomba mwanangu, usikiguse! Rudi ndani, funga mlango, nkakuitie mtu anayejua."

"Anayejua nini, Bi Borafya?"

"Mambo hayo! Umetegwa wewe, huoni?"

Muzdalifa aliuegemeza ufagio ukutani. Kwao ni Tumbatu, kisiwa ambacho watu wa mjini hukisingizia uchawi, amelelewa na bibi yake hukohuko, na tangu udogoni alisikia habari za vyungu vya namna hiyo, nani alikiruka akapooza, nani alikikanyaga mimba ikamtoka. Lakini bibi yake huyohuyo ndiye aliyemfundisha kwamba mtu akishamkabidhi Mola wake nafsi yake na nyumba yake, haifai tena atoke nje aanze kumwogopa mchawi mwenye uzi na sindano. Na Muzdalifa alikuwa ameshasali alfajiri. Alikuwa ameshajikabidhi. Sasa akirudi ndani akajifungia, atakuwa amemwambia nini Mola wake?

"Bismillahi," alisema, kwa sauti ya kufika kwa jirani na kupita. Akainama, akaikata kamba, akafungua.

Ndani mlikuwa na mayai mawili yaliyochorwachorwa kwa wino, sindano, uzi mweusi uliofungwa mafundo, na kipande cha mwiko wa mti kilichoungua upande mmoja. Kile kipande cha mwiko ndicho kilichomjulisha kwamba chungu hakikukosea nyumba.

Kwa sababu Muzdalifa alikuwa mpishi wa shughuli. Sizungumzii mpishi wa sufuria ya watu sita. Yeye alipika biriani ya harusi, masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, juu ya mafiga ya mawe, kwa kuni, na makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko. Kazi hiyo mjini Unguja wameizoea mikononi mwa wanaume. Yeye aliingizwa na wifi yake, Ulfat, dada wa mumewe, ambaye aliirithi kwa baba yake. Na haki ya mtu isemwe: Ulfat alimfundisha bila choyo. Alimwonyesha namna ya kuusikiliza mchele unapoiva, na namna ya kulijua sufuria linaloanza kushika chini kabla pua hazijanusa. Miaka mingi walikwenda shughuli pamoja, wakirudi nguo zinanuka moshi, wakicheka njia nzima.

Halafu ikaja harusi ya Kiwengwa. Familia moja iliandaa karamu katika hoteli kubwa ya ufukweni, na wakataka biriani ya nyumbani, si ya mpishi wa hoteli. Wakamtaka Muzdalifa. Wakamtaja kwa jina, peke yake.

"Mimi na wifi yangu hufanya kazi pamoja," aliwajibu, akaenda mbio kwa Ulfat kumweleza.

Ulfat alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Nenda," alisema. "Wamekutaka wewe."

"Lakini nimewambia..."

"Nimekwambia nenda, Muzdalifa. Mimi si mtu wa kubebwa na niliyembeba."

Toka siku hiyo salamu alizompa Ulfat zikawa zinarudi nusu, kisha robo, kisha hazirudi kabisa. Na kadiri watu walivyozidi kumwita Muzdalifa, ndivyo maneno yalivyozidi: kapata wapi? Nani kampa? Mbona sisi hatuitwi?

Yote hayo yalimpitia kichwani alipokuwa amechutama kizingitini na chungu mapajani. Je, ni Ulfat? Huenda ndiye. Huenda ni mpishi mwengine yeyote katika wale waliomnunia. Hakuwa na ushahidi, naye aliona vibaya kumpachika mtu dhambi ya kukisia. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo Jang'ombe walilizungumza kwa muda mrefu. Aliyatupa mayai jaani. Sindano aliifutafuta akaichomeka kwenye mto wa sindano zake za kushonea. Kipande cha mwiko na ule uzi alivitia motoni. Kisha akakichukua chungu chenyewe, akakikosha kwa jivu na ndimu palepale uwanjani, mbele ya macho ya Bi Borafya, na mchana akakipikia mchuzi wa pweza.

"Unatafuta kufa!" alisema Bi Borafya, mikono kichwani.

"Chungu kizuri hichi, Bi Borafya. Udongo wake mzito. Mwenye kukileta Mungu amlipe."

Mumewe, Abdulwahid, aliporudi kutoka Malindi ya mjini, ambako alifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, aliukuta mchuzi mezani na habari yote mdomoni mwa mkewe. Alikitazama chungu kwa muda. Kisha akatowelea mkate wake.

"Chumvi imezidi kidogo," alisema, na wote wawili wakacheka.

*

Haukupita mwezi, gunia la mchele likaporomoka kutoka juu ya lundo bandarini, likamshukia Abdulwahid, likamvunja mguu.

Mtu asikudanganye kwamba mwenye imani hatikisiki. Muzdalifa alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha hospitali, na kila aliyekuja kumpa pole alimtazama kwa jicho la kusema: si ulikipikia kile chungu? Bi Kazija, mama mkwe wake, alikuja akilia, akaketi pembeni yake, na alichokuwa nacho moyoni akakitoa.

"Nilikuwa nakuona mwanamke shupavu, Muzdalifa. Nikakupenda kwa hilo. Lakini ushupavu wako sasa umemvunja mwanangu."

Muzdalifa aliinuka akaenda nyuma ya jengo, penye mfereji wa maji ya bomba, akatawadha, akatandika kanga yake juu ya saruji. Dua aliyoiomba pale haikuwa ya maneno mazuri. Aliomba kama mtu anayedai.

"Mola wangu, mimi nilisema mbele za watu kwamba Wewe unanitosha. Nilisema kwa sauti. Usinifedheheshe. Na kama mguu wa mume wangu umevunjika kwa sababu Wewe umetaka uvunjike, basi nipe nguvu ya kuwatazama watu hawa usoni. Lakini sitasema kwamba umevunjwa na mayai mawili. Hilo silisemi hata nikibaki peke yangu dunia nzima."

Alipoinuka, alirudi kwenye lile benchi, mgongo umenyooka.

Abdulwahid alirudi nyumbani mguu umefungwa plasta hadi juu ya goti. Siku chache baadaye Bi Kazija alibisha hodi, na nyuma yake amesimama mzee mmoja wa shamba, kanzu imepauka, mkoba wa ukili begani. Muzdalifa alimjua kwa sifa zake za uganga kabla hajatajwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeletwa kumtazama mgonjwa."

"Ahsante kwa kuja." Muzdalifa alibaki amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. "Mzee wangu, mimi sikuvunjii heshima. Kama umekuja kumwombea mgonjwa, ingia, kaa kitini, inua mikono, sote tuitikie amin, na chai ipo. Lakini kama umekuja kunionyesha nani adui yangu, mimi simtafuti. Na kama kuna kuku wa rangi fulani katika habari hii, kuku wangu wote ni wa mayai."

Yule mzee alimtazama Bi Kazija. Bi Kazija alimtazama mkwewe kama aliyepigwa kofi.

"Muzdalifa! Ndani mle amelala mwanangu!"

"Ndani mle amelala mume wangu, Mama. Mtabibu wa mifupa kamfunga mguu, na Mungu ndiye ataukaza. Tukiingiza wa tatu kati yao, tutakuwa hatukumwamini hata mmoja."

"Na wewe ukoje? Huogopi?"

Ndipo sauti ya Abdulwahid ilipotoka chumbani, imekwaruza kwa maumivu lakini inasikika vizuri. "Mama! Gunia lilipangwa vibaya. Kila siku tunawambia wapange kwa kukingamanisha, hawasikii. Mtu huroga gunia?"

Mzee wa mkoba alikohoa, akarekebisha kofia yake.

"Basi nami nitamwombea," alisema, akaingia, akaketi, akaomba dua ya kawaida kabisa, akanywa chai, akaenda zake. Bi Kazija yeye hakunywa. Aliondoka amekunja uso, na kwa muda hakukanyaga tena nyumba ile.

*

Muzdalifa alidhani hapo ndipo pabaya pamekwisha. Kumbe bado.

Alikuwa ameitwa kupika harusi kubwa Mji Mkongwe, nyumbani kwa Bi Nadra, mtu wa Malindi, aliyekuwa akimwoza mwanawe wa kiume. Alikuwa tayari ameshakwenda kuona pa kuweka mafiga. Bi Borafya akaingia uwani bila hodi, ameshika simu kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

"Sikutaka uisikie kwa mwengine," alisema, akaibonyeza.

Ilikuwa sauti ya Ulfat. Hakujificha wala hakubadilisha lafudhi. "Jamani mie sisemi ya kuambiwa. Nimefanya kazi naye, nimeona kwa macho yangu haya. Ana chupa yake, haiachi. Mjue mnachokula. Ni maji ya kuoshea maiti yale, anayatia kwenye sufuria ili watu wasimwache. Ndiyo maana kila shughuli ni yeye, kila shughuli ni yeye. Nanyi kwao mnakujua ni wapi, sina haja ya kutaja."

Sauti ile ilikuwa imeshazunguka katika makundi ya harusi, ya mtaa, ya wazazi wa shule. Kabla jua halijazama Bi Nadra alipiga simu.

"Bi Muzdalifa, mimi binafsi siyaamini maneno haya. Wallahi siyaamini. Lakini upande wa bibi harusi ni watu wengi, na mtu akishatia shaka kwenye sahani..."

"Nimefahamu, Bi Nadra."

"Usinichukie."

"Sikuchukii. Mungu awape harusi ya kheri."

Wengine hawakupiga hata simu. Shughuli zilinyauka moja baada ya moja. Watoto wake wawili walirudi kutoka shule wamenuna, hawasemi walichoambiwa. Dukani kwenye foleni ya mkate, mwanamke mmoja alivuta kanga yake ili isimguse.

Siku hiyo Muzdalifa alilia. Alilia jikoni, amesimama, kwa hasira, akipigapiga mwiko kwenye ukingo wa meza. Kilichomuuma zaidi ya yote ni ile "kwao mnakujua". Bibi yake wa Tumbatu, mwanamke aliyekuwa akiamka kabla ya majogoo kuwaombea dua majirani zake kwa majina, leo amefanywa tusi kwenye simu za watu.

Abdulwahid aliingia akijikongoja kwa magongo yake.

"Niende nikaseme naye? Ni dada yangu."

"Usiende. Ukienda, mtagombana nyinyi, na maneno yatabaki palepale." Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Kesho ni Ijumaa. Ule mchele tuliouweka wa Ramadhani, nautoa."

"Kwa nani? Nani atakuita kesho?"

"Hakuna aliyeniita. Naita mimi. Napika nje, uwanjani, wakitoka msikitini wanikute."

Abdulwahid alimtazama. "Na wasipokula?"

"Tutakula sisi."

Kisha akamtuma Bi Borafya apeleke mwaliko kwa mtu mmoja tu kwa jina, na huyo alikuwa Ulfat.

*

Ijumaa ile mafiga yalikaa katikati ya kiwanja, pahala ambapo vijana huegesha vespa zao. Muzdalifa alikuwa amejifunga kanga kiunoni, ushungi umekazwa, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwikoni. Sufuria kubwa lilikuwa kando, limepinduliwa mdomo chini, kila apitaye aone lilivyo safi. Kuni zilikuwa zinashika. Mchele umeroweshwa. Vitunguu, nyama, viazi, viungo, vyote vimepangwa juu ya mkeka mweupe kama bidhaa za kuuzwa. Ndoo mbili zilikuwa tupu.

Watu walitoka msikitini, wakapunguza mwendo. Wanawake walijitokeza milangoni. Hakuna aliyekaribia sana, lakini hakuna aliyeondoka. Bi Kazija alikuwa amekuja, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umekuja, akakaa kwenye baraza ya Bi Borafya bila kumsalimu mkwewe. Na upande wa pili wa kiwanja, kwenye kivuli cha ukuta, alisimama Ulfat na baibui lake jeusi, mikono kifuani. Alikuja. Huenda alikuja kwa kiburi, ili isisemwe kwamba aliogopa.

Muzdalifa alijifuta mikono.

"Asalaam alaykum, jamaa zangu." Walimwitikia, wengine kwa nguvu, wengine kwa midomo tu. "Nimeyasikia yanayosemwa. Sitayarudia, kwa sababu hapa kinapikwa chakula. Sufuria ni hilo, mwenye kutaka alipanguse kwa mkono wake. Mchele huo, nyama hiyo. Chupa sina, na asiyesadiki aingie ndani apekue, mlango uko wazi. Kimebaki kitu kimoja tu. Maji." Akaziinua ndoo zote mbili, akavuka kiwanja, akasimama mbele ya Ulfat. "Wifi. Mfereji ule pale. Maji chota wewe."

Ulfat alizitazama ndoo, mikono haijatoka kifuani.

"Mimi sina haja ya kugusa vyombo vya mtu," alisema Ulfat.

"Wewe ndiye uliyeniambia mpishi asiyejua maji yake hajui chakula chake. Wewe ndiye mwalimu wangu, na hilo nitalisema mpaka naingia kaburini. Chota, wifi. Ukiyachota kwa mkono wako, hapana mtu atakayesema nimeyatia kitu."

"Unanidhalilisha mbele ya watu, Muzdalifa."

"Mimi nimedhalilishwa ndani ya simu za watu hawa wote, na sikuwepo nikajibu. Wewe nimekualika, nimekuita wifi, na uko hapa. Jibu."

Kila jicho lilikuwa kwa Ulfat, naye alijua, kama alivyojua kila mtu pale, kwamba akizishika zile ndoo amejikanusha, na akiziacha ataonekana ameikimbia kauli yake mwenyewe. Kwa nukta moja Muzdalifa alimwona tena yule mwanamke aliyecheka naye njia nzima, nguo zinanuka moshi, na roho ikamuuma. Kisha Ulfat akavuta baibui lake, akageuka, akaenda zake kwa hatua za haraka, asitazame nyuma.

Muzdalifa alibaki na ndoo mikononi. Hakujua afanye nini baada ya hapo. Hakuwa amefikiria mbele ya pale.

"Lete hizo."

Alikuwa Bi Kazija. Alikuwa ameshuka barazani kwa magoti yake mabovu, anakuja polepole, amenyoosha mkono.

"Mama, ndoo nzito hizi."

"Nimesema lete." Alizichukua. Akawageukia watu, sauti yake ikipanda kwa kila neno. "Aliyesema nimemzaa mimi. Anayepika nimemposea mimi, nikenda mwenyewe hadi kwao, nikakaa kwenye mkeka wa bibi yake, nikala chakula chake. Kwao nnakujua, basi, nnakujua kuliko nyote! Leo maji nachota mimi, na atakayekuwa na neno, aje aniambie mimi."

Akaenda mferejini. Akafungua. Maji yakamwagika kwenye ndoo kwa kishindo, na yule bibi akasimama kando yake ameyakodolea macho kama askari anayelinda lango. Vijana wawili walimwendea kumsaidia kubeba, akawafukuza kwanza, kisha akakubali, kwa sharti wapite mbele yake.

Biriani iliiva alasiri. Muzdalifa aliposogeza makaa na kufunua kifuniko, harufu ya zafarani ilikwenda mpaka barabara kuu. Wa kwanza kunawa alikuwa Bi Kazija. Alikaa chini mbele ya sinia, akatia tonge, akatafuna, na mtaa mzima ukimtazama shingo.

"Nini? Mnangoja nife?" alisema, mdomo umejaa. "Mtangoja sana."

Kicheko kilichopasuka hapo kilifanya kazi ambayo hotuba isingeifanya. Wakaja. Akaja fundi baiskeli na wanawe, wakaja wazee wa safu ya mbele msikitini, akaja Bi Borafya akisema kwamba yeye toka mwanzo hakuamini. Sikwambii kwamba walikuja wote. Yule mwanamke wa foleni ya mkate alipita ameziba pua, na wengine walitazama kutoka madirishani mpaka mwisho. Chakula kilibaki, Muzdalifa akakipeleka chuo cha Kurani, watoto wakakimaliza wakigombania viazi.

Jioni, wakikosha masinia uwani, Bi Kazija alimuuliza bila kumtazama, "Lakini hebu nambie kweli. Hukuogopa hata kidogo?"

"Niliogopa, Mama. Kile chungu niliogopa. Hospitali niliogopa zaidi. Hata leo, wifi alipoondoka, nilibaki na ndoo sijui pa kuzipeleka."

"Sasa mbona..."

"Kuogopa naogopa. Ila siwapi watu hofu yangu waitawale. Mungu akinilinda, sharti niishi kama mtu anayelindwa. Nikianza kutembea pembezoni mwa ukuta, nikanunua hirizi huku na kinga kule, nitakuwa nimewambia wenye husuda kwamba wao ndio wenye nguvu. Na hawana."

Bi Kazija alisugua sinia kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. "Siku ile hospitali," alisema mwisho, "nilikutupia neno baya."

"Ulikuwa na mwanao kitandani, Mama."

"Lilikuwa baya, lakini." Na akaanza kukosha sinia jengine.

*

Ulfat hakuomba radhi. Wiki haikuisha, sauti mpya ilitoka: sasa Muzdalifa kamroga mama yetu, mama hanisikilizi tena, mama hayuko sawa. Bi Kazija alipochezewa sauti hiyo, aliuliza hiyo simu inarikodi vipi. Bi Borafya akamshikia.

"Mimi Kazija," alisema, ameisogelea simu kama anamsemesha kiziwi, "sijarogwa. Nimeshiba. Na wewe mwanangu, mlango wangu uko wazi, ukija njoo na adabu yako. Basi."

Hiyo nayo ilizunguka mji mzima.

Bi Nadra alimwoza mwanawe, biriani kapika mpishi mwengine. Muzdalifa aliisikia ngoma ya harusi ile alipopita Malindi, akaendelea na safari yake. Abdulwahid alirudi bandarini akichechemea, na kwa kuwa hawezi tena kubeba, wakampa kazi ya kusimamia upangaji wa magunia, kazi aliyoifanya kwa ukali ambao wenzake waliulalamikia. Shughuli zilirudi taratibu, nyingine hazikurudi. Ulfat akaendelea kupika kwa wanaomtaka, na walikuwepo. Kila swala Muzdalifa alimwombea, ingawa siku nyingine alisema wazi kwa Mola wake kwamba anamwombea kwa shingo upande.

Mwezi wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, aliitwa Kiwengwa, safari hii si hotelini. Ilikuwa harusi ya kijijini, kwa wanawake wanaolima mwani, mikono yao migumu kwa chumvi na kamba. Alipika chini ya turubai nyuma ya nyumba, upepo wa bahari ukimhangaisha na moto. Sinia zilipokwisha kutoka, alisikia nyuma yake kundi la wanawake wageni, wa kutoka mjini, wakinong'ona.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye. Yule wa maji..."

"Shh! Atakusikia."

Muzdalifa alisimama. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, uso umejaa masizi. Alilishika sufuria kwa matambara, akaliinamisha upande ili chini yake paonekane, pale wali uliposhika ukawa mwekundu na mkavu, wenye mafuta na viungo vyote. Akageuka akawatazama mmoja mmoja, mwiko mkononi, meno nje.

"Ndiye mimi," alisema. "Nani anataka ukoko?"